Jibu: Mchungaji anastaafu, nyumba ni ya kanisa

Pole ndugu. Umeuliza mzee wako, mchungaji hapo Mwanza, ataishi wapi akikabidhi nyumba ya usharika mwakani.

Baba yangu mdogo, naye mchungaji, alipostaafu aliagwa kwa mbuzi wawili, vitenge na seti ya makochi. Makochi yenyewe yalikaa miezi chini ya turubai Kirumba, uani kwa shemeji, maana hakuwa na sebule ya kuyaweka. Kwa hiyo ongea na wazee wa kanisa mapema: zawadi ya kuaga iwe mifuko ya saruji na mabati, kiwanja kitafutwe Kisesa au Usagara. Mjini kati kupasua yale mawe ya Mwanza tu kunamaliza sadaka yote.

Halafu mwende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkaangalie michango yake. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Pungufu ya hapo anapewa mkupuo na basi. Kama kanisa lilirukaruka kupeleka, dai sasa, angali kazini.

Wakatoliki kidogo wana unafuu: kanuni ya 538 ya sheria za Kanisa lao inamtaka askofu ahakikishe paroko aliyeng'atuka ana matunzo na makazi. Nyie wa kwetu ulizeni katiba ya dayosisi inasemaje, na mjibiwe kwa maandishi.