Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya The Boys Visomwe kwa Mpangilio Gani?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Ipagala, hapa Dodoma. Baada ya kutazama tamthilia ya The Boys nimetamani kusoma katuni ilikotoka. Kaka yangu aliporudi kutoka Nairobi mwezi uliopita aliniletea vitabu vitatu vya mtumba: cha kwanza, cha pili na cha kumi. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenitia hamu ya mambo haya, ananishauri nianze na cha kumi kwa kuwa kinasimulia utoto wa Billy Butcher, kiongozi wa kikosi cha The Boys, na kwa hiyo matukio yake ndiyo ya mwanzo kabisa. Tena nimesikia kuwa vipo vitabu vya pembeni ambavyo mtu anaweza kuviruka. Naomba mnielekeze.

JIBU

Ndugu msomaji, anza na cha kwanza, ufuatie cha pili, na hicho cha kumi kifunge kwenye mfuko ukiweke juu ya kabati mpaka utakapopata vile saba vya katikati. Mpwa wako amesema kweli kuhusu miaka ya matukio, lakini hadithi hii haikutungwa isomwe kwa kufuata miaka ya matukio, na anayeisoma hivyo anajinyima kitu ambacho hawezi kukirudisha tena.

Kwanza nieleze hesabu ya vitabu vyenyewe, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mwandishi ni Garth Ennis, na mchoraji aliyeianzisha pamoja naye ni Darick Robertson. Toleo la kwanza (matoleo ni vile vijitabu vyembamba vinavyotoka kimoja kimoja kabla ya kukusanywa kuwa kitabu) lilitoka mwaka 2006 chini ya WildStorm, tawi la kampuni ya DC, ambalo liliusitisha mfululizo mapema mwaka 2007 baada ya matoleo 6 tu. Kampuni ya Dynamite ikauchukua na kuuendeleza hadi toleo la 72, mwishoni mwa mwaka 2012. Katika safari hiyo zilitoka pia hadithi fupi tatu, kila moja ya matoleo 6, zenye majina yake zenyewe: Herogasm, Highland Laddie, na ile ya Butcher iliyoko katika kitabu chako cha kumi. Mchapishaji alipoyakusanya matoleo yote 90 katika vitabu 12, hizo tatu hakuzitenga kando, bali alizipanga mahali pake, yaani kitabu cha 5, cha 8 na cha 10. Kwa hiyo namba iliyo kwenye mgongo wa kitabu ndiyo mpangilio wa kusoma, na vinavyoitwa vya pembeni ni sehemu ya hadithi yenyewe.

Sasa sababu. Fungua kitabu chako cha kwanza utazame ukurasa ambapo Hughie amesimama na mpenzi wake Robin, wameshikana mikono. Shujaa mwenye mbio za ajabu anapita akipambana na adui, na kufumba na kufumbua Robin hayupo. Iliyobaki ni mikono yake, na Hughie bado ameishika. Kuanzia hapo kijana huyu wa Uskoti ndiye macho yetu. Hajui Vought-American, kampuni iliyo nyuma ya mashujaa, ni nini, wala hajui kwa nini kuna kikosi cha siri kinachofanya kazi na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuwadhibiti mashujaa, na hata Compound V, dawa inayompa mtu nguvu za ajabu, inaingizwa mwilini mwake na Butcher bila ridhaa yake. Tunajua anachojua yeye, na tunakijua siku ile ile anayokijua.

Ndiyo maana mambo ya kale yanatolewa kidogo kidogo, na kila mara kuna mtu anayesimulia. Katika kitabu cha 3 mzee mmoja aitwaye Legend anaanza kumfungulia Hughie historia ya Vought-American na silaha zake mbovu vitani. Katika cha 6 tunaelezwa walikotoka wenzake wa kikosini: Mother's Milk, Mfaransa na yule mwanamke asiyesema. Katika cha 9 Mallory, aliyekuwa mkubwa wao, anasimulia jinsi kikosi kilivyoanzishwa. Butcher ndiye wa mwisho kufunguka, naye hafunguki kwa mtu aliye hai: amesimama London mbele ya maiti ya baba yake, anamweleza yote, kuanzia kipigo cha utotoni hadi vita vya Falklands vya mwaka 1982 na ndoa yake. Ukikisoma kitabu hicho leo utamhurumia Butcher tangu mwanzo, nawe hutaweza kumwogopa kama inavyotakiwa umwogope. Ukikisoma baada ya vile tisa, huruma hiyo itakujia ukiwa tayari umeshaanza kumtilia shaka, na ni kwa hali hiyo ya moyo unaopingana ndipo unapotakiwa kuingia kitabu cha 11 na cha 12. Mimi hicho cha kumi nakihesabu kuwa bora kuliko vyote.

Kuhusu Highland Laddie, usikiruke kamwe. Hughie anarudi kwao Uskoti baada ya pigo alilolipata katika kitabu cha 7, na bila kukisoma hutaelewa kwa nini anarejea akiwa mtu mwingine. Herogasm ndicho chenye uchafu mwingi kuliko vyote, na wanaokishindwa siwalaumu; hata hivyo zimo ndani yake habari za Vought na makamu wa rais wa Marekani zinazohitajika baadaye. Usidhani umekwisha kukijua kwa sababu msimu wa tatu wa tamthilia, mwaka 2022, ulikuwa na kipindi chenye jina hilo, kwani yanayotokea ni tofauti kabisa.

Lipo pia chapisho la vitabu vinene 6, kila kimoja kikiwa na viwili vya kawaida ndani yake, kwa mpangilio huo huo. Kwa anayeagiza kutoka mbali hilo ni jepesi zaidi, lakini angalia namba zisikuchanganye: kitabu kinene cha 3 si sawa na kitabu cha kawaida cha 3. Kwa vya mtumba, ambavyo mara nyingi jalada limechakaa, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji mwanzoni, ambapo kwa kawaida yameandikwa matoleo yaliyokusanywa. Kitabu cha kawaida cha 3 lazima kiwe na toleo la 15 hadi la 22.

Mwaka 2020 ilitoka hadithi nyingine ya matoleo 8, Dear Becky, ambayo inatokea miaka 12 baada ya mwisho. Hiyo iwe ya mwisho kabisa, maana kurasa zake za mwanzo tu zinatoboa nani alibaki hai.

Nakuomba jambo moja zaidi kwa dhati: watoto wa nyumbani wakiona mtu aliyevaa joho kwenye jalada watadhani ni katuni yao. Si yao hata kidogo. Na ukipata nafasi ya kuagiza kimoja tu kwa sasa, agiza cha 3, kwa kuwa ndicho kitakachokupokea pale cha pili kitakapokuacha.