Uyoga wa kulewesha Denver: ni halali au la?
Ndugu, uliyeambiwa uyoga wa kulewesha ni ruksa Denver, jiji la jimbo la Colorado nchini Marekani, umepewa nusu ya habari. Mwaka 2019 wapiga kura wa jiji hilo waliamua polisi wasihangaike na wanaoutumia. Mwaka 2022 jimbo zima la Colorado likaruhusu wenye miaka 21 na zaidi kuwa nao, kuukuza nyumbani na kugawiana bure. Kuuza mtaani bado ni kosa. Kwenye jimbo jingine, Oregon, unautumia kwenye kituo chenye leseni tu, mbele ya msimamizi. Ila sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inaupiga marufuku kote, na uhamiaji wanafuata hiyo. Kama una viza au grini kadi, tafadhali usiuguse: hata kukiri tu kwamba uliutumia kunaweza kukufungia mlango ukirudi kutoka safari.