Wifi Yako Yuko Kifungo cha Nje? Anza na Yaliyotangulia Siku Ile

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia. Kaka yake alichomwa kisu begani na mkewe. Kesi imekwisha, mwanamke amepewa probesheni ya miaka 2, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi wa afisa, na sasa wote wawili wako chini ya paa lile lile. Ananiuliza: “Mama, nimwogope wifi yangu? Watoto nimwachie?”

Nakujibu kwa kirefu, mwanangu, kwa sababu mdogo wangu wa kike alisimama kizimbani kwa kosa kama hilo.

Aliolewa akiwa bado msichana. Kipigo kilianza kabla kifungua mimba wake hajajua kutambaa. Alipokuja nyumbani jino limevunjika, wazee walikaa barazani, mume akaomba radhi, chai ikanywewa, mdogo wangu akarudishwa. Mara ya pili shangazi zetu walimwambia mvumilivu hula mbivu. Alikwenda polisi, akaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, wakayamalize wenyewe. Usiku wa mwisho mume alirudi amelewa mnazi, akataka pesa za chama zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya karo. Alipomkaba koo, mkono wa mdogo wangu uliangukia mchi wa kinu.

Mume alivunjika taya. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na hadithi ya mwanamke katili aliyempiga mumewe kwa mchi. Jino hakulitaja mtu, wala wale wazee waliolitazama kwa macho yao. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kilichomwokoa ni ripoti. Kabla ya kutoa hukumu, hakimu aliagiza afisa wa probesheni achunguze. Mama yule alikuja nyumbani akakaa nasi jamvini, akauliza ambayo sisi ndugu hatukuwahi kuyauliza: nani anashika pesa, alilelewaje, analala usiku, anakunywa, ameshawahi kutaka kujiua? Alimsikiliza chifu, akamsikiliza na mume aliyeumizwa. Hapa Kenya probesheni huwa kati ya miezi 6 na miaka 3, na mdogo wangu aliimaliza yake bila kukosa siku ya kuripoti. Leo ana meza yake ya viazi karai na bajia, anasomesha watoto, na mimi natembea kichwa juu nikipita pale. Tangu hapo nimekuwa nikijitolea kuwasaidia maafisa hao mitaani.

Nimeona mengi huko. Wanawake wengi waliofika kwetu kwa kujeruhi walikuwa wamepigwa miaka mingi kabla ya kuinua mkono, wengine tangu utotoni, na aliyepigwa na baba kisha akapigwa na mume hujifunza kwamba ngumi ndiyo lugha ya nyumba. Wengine hunaswa na pombe: mama anapika chang'aa apate unga, mteja anakataa kulipa, naye kaonja, chupa inapasuliwa. Wapo waliomwaga hasira kwa mtoto kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kuwarudishia. Na wapo waliochanganyikiwa baada ya kujifungua. Sheria yenyewe inalitambua hilo: kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa haijatulia kutokana na uzazi, kana kwamba ameua bila kukusudia. Kwa hiyo usiwapime kwa pishi moja.

Juu ya yote hayo iko njaa. Asiye na shilingi yake hawezi kuondoka, na asiyeweza kuondoka siku moja atapigana.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15. Hao ni dada zetu! Wazee wangu, mkimrudisha binti mwenye jeraha kwa aliyemjeruhi, mnajua mnachokipika. Maimamu, wachungaji, acheni kuhubiri subira kwa mwanamke peke yake.

Sasa wewe, mwanangu. Muulize wifi yako, mkiwa wawili tu, ilikuwaje kabla ya kisu, kisha usimkatize. Kuhusu watoto, tazama kwanza kama amewahi kuwapiga kupita kiasi na kama anakunywa. Ikiwa hapana, usimnyime watoto kwa kumwaibisha tu. La kwanza kuliko yote, watenganisheni hao wawili kwa muda, hata kama kaka yako atanuna, kwa usalama wake yeye pia. Mwambieni afisa kabla ya kuhama, maana makao ya wifi yako yameandikwa. Mtafutie kazi ndogo yenye pesa inayoingia mkononi mwake. Kipigo kikianza tena, pigeni simu 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, na Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani.

Na siku ya kuripoti ikifika, mpe nauli au fuatana naye. Akivunja masharti anaweza kurudishwa kwa hakimu na kuhukumiwa upya kwa kosa lile lile.