Mbwa Haanzi kwa Kunguruma

Wewe unayeanza kazi ya kutunza mbwa wakubwa, iwe ni Rottweiler, German Shepherd au Boerboel, wenzako watakuonya sana kuhusu meno. Mimi nakuomba uzoee kuutazama mdomo kabla meno hayajaonekana. Mbwa aliyetulia mara nyingi mdomo wake huwa wazi kidogo, anahema, ulimi umelegea. Akiufumba ghafla na kuacha kuhema, ujue kuna jambo limemgusa. Simama hapo ulipo utafute ni lipi: mkono wako uliopita juu ya kichwa chake, mtu aliyeingia getini, au mbwa mwingine aliyepitishwa karibu.

Dalili za mwanzo ni ndogo na zinapita upesi. Anageuza kichwa pembeni. Analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo na usingizi hana. Asiyezoea hudhani mbwa amechoka tu, kumbe anaomba nafasi. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Kendal Shepherd, alizipanga ishara hizi kwa ngazi: chini kabisa kupepesa macho, kupiga miayo na kulamba pua, juu kabisa kuuma. Kunguruma kuko huko juu, na kati yake na kuuma imebaki hatua moja tu, ile ya kung'ata hewani. Kwa hiyo anayengoja ngurumo ndipo arudi nyuma amekwisha kupitwa na maonyo mengi. Tena si kila mbwa hupanda ngazi moja moja. Aliyezoea kupuuzwa akiwa chini hujifunza kurukia juu.

Ishara ninayoihofia kuliko zote haina sauti: kuganda. Utaiona vizuri kwa mbwa anayelinda bakuli lake. Ukimkaribia anaanza kula haraka haraka, kichwa kinazama zaidi bakulini, mwili unakaza. Ukiongeza hatua, taya zinasimama. Hatafuni, hamezi. Kichwa bado kimeinama, ila jicho limekufuata kwa pembeni na weupe wake umechomoza kama mwezi mwandamo. Hapo usimbembeleze wala usimkemee, na mkono usiunyooshe kabisa. Rudi taratibu kwa njia ile ile uliyojia. Bakuli liache hapo hapo mpaka mbwa mwenyewe atoke na mlango ufungwe kati yenu.

Mkia nao unawaponza wengi, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa kwamba mbwa anayetikisa mkia amefurahi. Wa furaha huyumba kwa upana, na kiuno kinayumba nao. Ukiwa juu, mgumu, unatikisika kwa mapigo mafupi ya haraka huku uzito wa mwili umeegemea miguu ya mbele, usimsogelee. Manyoya ya mgongoni yakisimama yanakuambia amesisimka, lakini peke yake hayakuambii kama ni kwa hasira, hofu au mchezo. Soma mwili mzima. Kwa mbwa aliyekatwa mkia na masikio umenyang'anywa nusu ya habari, basi macho, mdomo na mabega yake yatazame kwa makini maradufu.

Sasa hili nalisema kwa msisitizo wote: usimpige wala kumkaripia mbwa kwa sababu amenguruma. Hofu au maumivu yaliyomfanya angurume yanabaki palepale. Unachokiondoa ni onyo. Baadaye watu watasema mbwa huyo "aliuma bila sababu". Shukuru kwamba amekuambia, mpe nafasi, kisha utafute chanzo. Mbwa mpole akianza ghafla kunguruma anaposhikwa nyonga au sikio, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa kwa mkufunzi.

Akikukazia macho, usikimbie na usimkodolee. Geuka ubavu, mikono iwe chini, rudi pole pole, na weka kitu kati yenu: ndoo, kiti, begi, chochote kilicho karibu. Ukiangushwa, jikunje, funika shingo na uso, usipige kelele.

Akikuuma, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, lakini kuosha jeraha na kupata chanjo mapema huzuia. Ukishatibiwa, andika kwenye daftari la banda kilichotokea kabla ya kuumwa: ulikuwa umeshika nini, alikuwa amesimama wapi, mdomo ulifumba lini. Anayepokea zamu anahitaji kuyasoma hayo kabla ya kufungua mlango.