Vitabu Tusivyovikabidhi

SWALI LA WIKI: Kila mtu siku hizi yumo kwenye kikundi cha watu aliosoma nao. Ukiondoa harusi, misiba na picha za zamani, kikundi chenu kina faida gani kwa mtu asiyekuwamo? Na mtu huyo akitaka kuwaunga mkono, afanye nini?

Jibu la msomaji, Morogoro

Mhariri, swali lako lina kebehi kidogo, na sikulaumu. Sisi ni wanawake tuliosoma shule moja ya bweni ya wasichana mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu kikundi chetu kilikuwa vile vile unavyosema: kadi za michango, rambirambi, na mwenzetu mmoja anayetuma picha ile ile ya mahafali kila Ijumaa kana kwamba hatujaiona. Sizikejeli harusi wala misiba. Huko ndiko tulikojifunza kukusanya fedha na kuzitolea hesabu. Mweka hazina wetu akikudai elfu kumi atakufuata hata wodini.

Lakini lipo jambo jingine. Tunawasikiliza watoto wa darasa la pili na la tatu wakisoma, katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wetu, na tuna vitabu ambavyo wanaviazima. Vitabu hivyo hatujamkabidhi mtu yeyote. Hili la mwisho ndilo lililotugombanisha, na ndilo ninaloona lina faida kuliko yote, kwa hiyo nitalifikia taratibu.

Nianze na kusikiliza. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Chukua darasa la watoto 90, ambalo si la ajabu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na wazazi wakaitikia. Mwalimu akiamua kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, asisahihishe daftari, asimkanye mtu, asifute ubao, kila mmoja atapata sekunde 20. Kwa sekunde 20 mtoto bado anatafuta ukurasa. Ndiyo maana darasa zima husoma kwa pamoja kama kwaya, na katika kwaya asiyejua hujificha vizuri sana. Anafungua mdomo pamoja na wenzake, anamalizia sentensi nyuma yao kidogo, na mwalimu akipita anaona midomo yote inacheza.

Ukimpa kitabu peke yake ndipo unamjua. Wako wanaokusomea ukurasa mzima bila kosa huku macho yao yakiwa usoni kwako. Funika picha kwa kiganja, au mwambie aanzie sentensi ya tatu, uone. Kiswahili chenyewe hakimwonei mtoto, kwa sababu neno husomwa lilivyoandikwa, na aliyeshika silabi anaweza kusoma hata neno asilolijua maana. Wanapokwama hukwama mahali pale pale. "Ng'ombe" na "ngoma" zinawachanganya. "Mbweha" inawatoa jasho. "Kunywa" inasomwa "kunya" na wenzake wanaangua kicheko, na baada ya hapo mtoto yule hataki tena kusoma kwa sauti mwaka mzima. Hapo ndipo mtu mzima mwenye nafasi anapofaa. Hahitaji diploma, anahitaji mkeka, kivuli cha mjohoro, watoto wanne, na uwezo wa kufunga mdomo.

La kufunga mdomo ndilo gumu. Kanuni yetu ni kwamba mtoto akinyamaza, nawe unanyamaza, usimdakie neno. Tunaye mwenzetu mkaguzi wa shule mstaafu, na kwake lilikuwa adhabu. Siku za mwanzo alikuwa anamaliza maneno yote yeye, watoto wakamzoea, wakawa wanasoma silabi ya kwanza kisha wanamsubiri bibi amalizie. Tena yeye ndiye aliyetaka kuingia darasani kuona mwalimu anafundishaje. Hilo tulilikataa. Darasa ni la mwalimu, sisi tunaishia mjohoroni, na tunampa taarifa ya mtoto gani amekwama wapi akitaka kuipokea. Walimu hawakutuamini mpaka walipoona hatuna daftari la kuwaandika.

Tatizo hili si geni, wala si la Morogoro. Utafiti wa Uwezo, unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, ulioanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, ulikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takribani watatu tu waliweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 wizara yenyewe ilikiri kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, na nchi nzima ikashika kichwa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo ili watoto wakazane na KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila mtaala hauwezi kuongeza sekunde za kila mtoto, wala hauwezi kumpa kitabu cha kwenda nacho nyumbani.

Sasa kuhusu vitabu.

Ukitaka kusaidia shule, mazoea yetu Watanzania unayajua. Mnachangishana, mnanunua vitabu, mnashona vitenge vya sare, mnachapisha bango, mnamwalika diwani, kisha mnapiga picha mkimkabidhi mwalimu mkuu boksi, wote mmeshika boksi moja. Wiki hiyo hiyo vitabu vinaingizwa kwenye leja, vinapigwa mhuri, vinafungiwa kabatini. Nimesikia wengi wakimlaumu mwalimu mkuu kwa hilo. Mimi namtetea. Kitabu kikishaingia kwenye leja ni mali ya shule, na mali ya shule ikipotea yupo wa kujibu, naye ni yeye. Akija mtu wa kukagua atahesabu nakala. Hatauliza nani amejifunza kusoma kwa nakala hizo. Kitabu kilichofungiwa hakipotei wala hakichaniki, na hesabu inatimia. Ungekuwa wewe, na mshahara ni ule ule, ungekifungulia?

Kwa hiyo tulifanya jambo dogo la kikarani. Vitabu vyetu ni mali ya kikundi na vitabaki kuwa mali ya kikundi. Tuliiandikia shule barua yenye mhuri wetu, nakala kwa afisa elimu kata, kwamba vitabu hivi vinaazimwa na watoto, haviingii kwenye leja ya shule, na kikipotea hakuna mwalimu atakayeulizwa. Hasara ni yetu. Mwalimu mkuu, ambaye kwa umri ni binti yetu, aliisoma barua ile, akairudia.

"Mama, na kikichanika?"

"Tutakishona."

"Na kikipotea kabisa?"

Nilikuwa natafuta maneno ya heshima, lakini mweka hazina wetu, yule yule wa wodini, alinitangulia. "Basi mwanangu, kuna nyumba imepata kitabu."

Mwalimu mkuu akasaini. Alituuliza kimoja tu zaidi, kama vitabu vyenyewe vimeidhinishwa na wizara, na alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu mwaka 2023, wizara ilipopiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni kwa sababu ya maadili, walimu hawapokei kitabu wasichokijua. Tulimpa orodha, akaipitia jina kwa jina.

Vita vilikuwa kwetu, si shuleni. Msipokabidhi, hakuna makabidhiano. Pasipo makabidhiano hakuna diwani, hakuna bango wala picha. Katibu alikuwa ameshapata bei ya fulana. Wapo waliosema tunatoa fedha zetu gizani, na wawili watatu wamerudi kwenye michango ya harusi tu, na tunasalimiana vizuri. Mimi nawaelewa. Mtu akichanga elfu hamsini anapenda kuziona. Lakini tulipiga kura, na hoja ikapita kwa tofauti ndogo.

Uazimaji unaendeshwa kwa daftari la michango. Safu iliyokuwa ya jina la mwanachama sasa ni jina la mtoto, safu ya ahadi ni namba ya kitabu, safu ya "amelipa" ni "amerudisha". Mtoto anachukua Jumamosi, anarudisha Jumamosi. Asiporudisha tunamuuliza, hatumtishi, na anachukua kingine hata hivyo. Hapo mweka hazina aliumia, maana maisha yake yote hajawahi kumkopesha mtu ambaye hajamaliza deni la kwanza.

Vinachakaa kweli kweli. Vitabu vyembamba vya hadithi vimeshikwa kwa pini mbili katikati. Masika ikifika pini zinashika kutu na kurasa za katikati ndizo zinazotoka kwanza. Tunang'oa pini, tunatoboa, tunashona kwa uzi wa fundi viatu na sindano ya gunia. Kitabu kilichoshonwa hivyo kina nguvu kuliko kilipotoka dukani. Tunakutana kwa mtu mmoja mwisho wa mwezi, tunashona huku tunasengenya, na nadhani wengine wanakuja kwa hilo la pili.

Katika kushona ndipo tulipogundua jambo ambalo ripoti yoyote isingetuambia. Vitabu vya sungura na fisi vinarudi vimelegea, vina mafuta ya taa, vina alama za ugali. Vya kunawa mikono na kutunza mazingira vinarudi safi kama vilivyokwenda. Kitabu safi mkononi mwa mtoto ni kitabu ambacho hakikufunguliwa. Siku hizi hatununui kwa kusoma jalada la nyuma. Tunaangalia tulichokishona zaidi, tunatafuta kinachofanana nacho. Wachapishaji wetu, kwa heshima zote, wapunguze kuwanawisha watoto.

Kwa nini nalishikilia sana jambo la kitabu kwenda nyumbani? Kwa sababu ya mama yangu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, Sengerema, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchi nzima baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa wamebaki asilimia 10 hivi. Hayo ni makubwa na yanastahili sifa kuliko yanavyosifiwa. Lakini nilichokiona nyumbani ni hiki: mama alisoma kwa sababu palikuwa na vya kusoma. Palikuwa na maktaba ya kijiji, palikuwa na gazeti la Elimu Haina Mwisho kule Kanda ya Ziwa, limeandikwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya watu kama yeye. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, vile vitu vikakauka kimoja kimoja. Wanawake wenzake waliokuwa wamefaulu mtihani wa kisomo pamoja naye, miaka kumi baadaye walikuwa wanaweka dole gumba. Mama hakusahau kwa sababu alikuwa na binti bweni anayemwandikia barua.

Na huyo binti aliyekuwa bweni alikuwa wa bahati. Mwaka 1980 waliokuwa sekondari nchini walikuwa asilimia 3 hivi ya vijana wa rika hilo, wasichana wakiwa wachache zaidi, na tulisomeshwa kwa fedha ya umma mpaka sabuni na nauli ya treni.

Niseme na hili, ingawa hukuliuliza. Msikilizaji wetu hodari kuliko wote hakumaliza shule. Alipata mimba kidato cha pili, akafukuzwa, kama ilivyokuwa desturi mpaka juzi juzi. Ruhusa ya wasichana wa namna hiyo kurudi darasani ilitolewa mwaka 2021. Alipoomba kujiunga, baadhi yetu walisema kikundi ni cha waliohitimu. Tulifungua katiba, ikasema "aliyewahi kusoma", na mjadala ukafungwa. Watoto wanaoogopa kusoma wanakwenda wenyewe kwenye mkeka wake. Hatujamuuliza anafanyaje, na sidhani kama angejua kutueleza.

Tusichokiweza ni wakubwa. Wapo wavulana wa darasa la tano na la sita wasiojua kusoma, na hawawezi kukaa mkeka mmoja na wadogo zao. Wanapita mbali, wanatutazama, wanaenda kucheza mpira. Tulijaribu kuwapa siku yao, hawakuja. Kuja ni kujitangaza. Mkaguzi mstaafu anasema tuwaite kuja kushona vitabu na tusiseme neno kuhusu kusoma. Huenda ana akili kuliko nilivyomwandika hapo juu. Tutajaribu likizo ya Juni.

Umeuliza mtu wa nje afanye nini. Binti wa mwenzetu mmoja anayeishi Marekani alitaka kututumia boksi la vitabu vya watoto wake. Tulimwomba nauli ya lile boksi badala yake, na kwa fedha hiyo tulinunua Dar es Salaam vitabu vya Kiswahili zaidi ya tulivyotarajia. Hivyo ndivyo ningemshauri yeyote. Kama yuko Morogoro, mkeka haujali alisoma wapi. Aje na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, maana ni watoto wa watu. Na kama ana kikundi chake cha waliosoma pamoja, barua yetu kwa shule haifiki ukurasa mmoja. Nimemwambatanishia mhariri nakala. Anayeitaka aiombe, abadilishe majina, apige mhuri wake.