Nijianike au nijifiche? Majibu kwa maswali yenu ya mitandao

Wiki hii wengi mmeandika kuhusu jambo moja kwa sura tofauti: mitandao inawapa kazi, wateja na ndugu, huku ikiwaanika. Nimechagua maswali sita. Majina nimeyaacha, maeneo nimeyabakiza.

Shikamoo. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka jana. Wenzangu wananisukuma nijiunge LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Mama anasema kuweka jina na picha huko ni kujitafutia balaa. Nimsikilize nani? (Mhitimu, Ubungo)

Marahaba. Mama hajakosea kwamba balaa lipo, ila analitafuta mahali pasipo. Jina lako, picha ya heshima, chuo ulichosoma na kazi unayoiweza ni mambo ambayo ungemweleza mtu yeyote mliyekaa kiti kimoja kwenye mwendokasi. Hatari iko kwenye vitu ambavyo vijana hubandika bila kuulizwa: CV nzima yenye namba ya NIDA, tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya simu, mtaa unaoishi, na chini kabisa majina na simu za wadhamini watatu ambao hawajui kwamba wameanikwa. Tapeli akiipata karatasi hiyo, atakupigia kesho akiwa “afisa ajira”, atakutajia hadi jina la mhadhiri wako, nawe utaamini.

Faida nayo si ya kubeza. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kwa kufahamiana mara nyingi walisaidiwa na mtu wanayejuana naye kwa mbali, si rafiki wa chanda na pete. Sababu yake ni nyepesi: shoga zako wa hosteli wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe, na wanaziomba pamoja nawe. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha majaribio yaliyohusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano, na jibu likaelekea hukohuko, kwa nyongeza moja: wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, si wa karibu sana wala wageni kabisa.

Kwako wewe, hao wa katikati ni yule dada aliyekutangulia chuo miaka miwili na sasa yuko kampuni ya ukaguzi Posta, au mhasibu aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo. Waandikie kwa majina yao, mistari mitatu, ukiwakumbusha mlikutana wapi. Kuomba urafiki kwa watu mia tano usiowajua hakutakupa kazi, na kunawafungulia mlango watu ambao hata mama yako hajawawazia.

Kwa hiyo jiunge. Fungua barua pepe mpya ya kutafutia kazi tu. Kwenye mipangilio, ficha orodha ya watu unaofahamiana nao. CV kamili mpelekee mwajiri mmoja mmoja, usiibandike ukutani. Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mfumo wake. Anayekuuzia nafasi hiyo inboksi anakuuzia hewa. Na mwambie mama akae nawe siku unapoufungua ukurasa. Akina mama wa mji huu wana jicho la kunusa utapeli kuliko programu yoyote.

Nauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo, wateja wangu wengi wanatoka Instagram. Namba niliyoweka pale ni yangu ya siku zote. Usiku napigiwa na wanaume ambao hawana shida na mkoba. Nikiitoa, si nitakosa wateja? (Mama Mikoba, Kariakoo)

Hutawakosa, dada. Mteja wa Mwanza anachotaka ni mzigo ufike. Laini ipi inapokelewa haimhusu.

Jaribu kitu kimoja leo dukani. Mwambie jirani yako achukue simu yake, aingie kwenye menyu ya kutuma pesa, aandike namba yako na shilingi elfu moja. Kabla hajaweka namba ya siri, jina lako linatokea kwenye kioo, lile la kwenye kitambulisho. Utaratibu huo umewekwa ili pesa isipotee kwa kukosea tarakimu, nao ni mzuri. Lakini maana yake ni kwamba kila mwenye namba yako ana jina lako, na mwenye jina anaandika Facebook, anakuta picha ya mwanao siku ya mahafali ya chekechea, bango la shule likisomeka nyuma yake. Hapo hakuna aliyedukua chochote. Umeunganishwa tu kwa kamba tatu ulizozifunga mwenyewe.

Nunua laini ya biashara. Isajili kwa alama zako za vidole kama sheria inavyotaka, usiazime kitambulisho cha mtu. Fungua WhatsApp Business kwa namba hiyo. Ina katalogi, ina saa za kazi, na ina majibu ya kujituma yenyewe, ili ikifika saa mbili usiku simu ijibu “duka limefungwa” wewe ukiwa jikoni. Malipo yapitie lipa namba yenye jina la duka. Ukurasa wako wa nyumbani usiusajili kwa namba ileile ya duka, maana programu hizi hupenda kuwapendekezea watu kurasa za wale waliohifadhi namba zao. Kisha bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, peleka taarifa kwa mtandao husika ifungwe.

Nina neno lingine ambalo hukuniuliza. Nimezoea kuona kurasa za wauzaji wa Kariakoo zinapiga picha mizigo inayokwenda stendi: mifuko imepangwa, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu nene jina la mteja, mkoa na namba ya simu. Mnafanya hivyo kuonyesha kwamba mnauza kweli, na ushahidi huo unahitajika kwa jinsi wateja walivyoibiwa na kurasa hewa. Lakini mnamwanika mtu aliyewaamini. Tapeli akiiona picha hiyo, anampigia huyo mteja wa Mbeya: “Mzigo wako umekwama, ongeza elfu kumi.” Geuza mifuko upande usioandikwa, kisha piga picha yako. Wateja wataona mzigo, na hakuna atakayeona namba.

Rafiki yangu alikopa laki mbili kwenye programu ya simu, akachelewa kulipa. Mimi, bosi wangu na mchungaji wetu tukatumiwa meseji yenye picha yake na neno “mwizi”. Mimi sijakopa popote. Namba yangu waliipata wapi, na nifanye nini? (Mbagala)

Waliipata kwa rafiki yako. Siku anasajili, programu ilimuuliza kama inaruhusiwa kusoma majina ya kwenye simu, naye kwa haraka ya pesa akabonyeza “ruhusu”. Kitabu chote kikaenda: wewe, bosi, mchungaji, fundi bomba, na pengine mzazi wake kijijini.

Hapo ndipo nasema hesabu ya faragha huwa tunaikosea. Tunauliza “mimi nina nini cha kuficha?”, kumbe cha wenzetu tumekishika sisi. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kisiasa, iliyolipuka mwaka 2018: watu kama 270,000 walijaza jaribio la tabia kwenye programu ya Facebook, lakini kwa kuwa programu iliweza kuchota na ya marafiki zao, taarifa zilizochukuliwa zilifika za watu hadi milioni 87. Wengi wao hawakuwa wamebonyeza kitu. Kama wewe.

Sasa la kufanya. Piga skrinishoti ya meseji, namba na tarehe vionekane. Usiwajibu, wala usiwalipe hata shilingi. Deni si lako. Usiisambaze ile picha, hata kwa kumhurumia. Kumdhalilisha mtu hivyo kuna kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuchukua namba yako bila ridhaa yako kunaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kupeleka malalamiko huko. Peleka. Rafiki naye aende polisi.

Mwambie pia aangalie aliyemkopesha ni nani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kuchota majina ya simu wala picha za mkopaji, kwa hiyo mkopo unaokuja kwa linki, nje ya duka hilo, ukimbieni. Deni lake halijafutika kwa sababu aliyemdai hana adabu. Alilipe, ila kwa njia yenye risiti.

Kwenye grupu la wazazi wa darasa la pili, mwalimu na baadhi ya wazazi wanatuma picha za watoto kila siku, wakiwa na sare na majina. Nikisema nitaonekana mnoko. Ninyamaze? (Mama, Tabata)

Sema, lakini usisemee grupuni. Mpigie mwalimu, umsalimie, umshukuru kwa taarifa anazotoa, maana grupu hilo ndilo linalokwambia kesho watoto wanatoka saa sita. Kisha muombe mambo mawili: picha ziwe za darasa zima bila majina, na ombi la kutozipeleka kwenye stetasi libandikwe juu kwenye maelezo ya grupu. Akisita, mkumbushe kwa upole kwamba sheria niliyoitaja hapo juu imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za kibaiolojia na za miamala ya fedha. Shule nyingi hazijalifikiria hilo, na mara nyingi mwalimu hufurahi mtu mwingine amelianzisha.

Ila na wewe stetasi yako ikoje? Mtoto mwenye sare, mbele ya geti lenye namba ya nyumba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila Jumatatu. Anza na hiyo.

Nina maswali mawili. Facebook wanasoma meseji zetu za WhatsApp? Na bosi ameniomba urafiki Facebook, nifanyeje? (Mfanyakazi wa benki, Posta)

La kwanza: maneno yenyewe hawasomi. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014, na tangu Aprili 2016 meseji hufungwa kwa namna ambayo hufunguka kwenye simu za wanaozungumza tu. Wanachojua ni unaongea na nani, lini, na mara ngapi, na hicho nacho kina thamani yake. Nakala unazohifadhi mtandaoni zina mpangilio wake wa kuzifunga, uwashe. Baada ya hapo, aliye hatari ni yule mjumbe wa kamati ya harusi mwenye mkono mwepesi wa skrinishoti.

La pili: mkubalie, kisha umweke kwenye orodha ya waliowekewa mipaka. Ataona ulivyoweka hadharani tu, na hapewi taarifa kwamba umemwekea mipaka. Kama unatafuta kazi kwingine, usiutegemee ule mpangilio wa LinkedIn wa kuwaonyesha waajiri tu kwamba uko sokoni. Wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha kwamba mwajiri wako hatakuona.

Nilifuta WhatsApp baada ya kutapeliwa. Nikatulia kweli. Lakini mwezi uliopita rafiki yangu tuliyekuwa naye JKT amefariki, nimesikia wameshazika. Watoto wanasema nirudi. Mimi naogopa. (Mzee, Magomeni)

Shikamoo mzee, na pole sana kwa msiba.

Rudi. Siku hizi habari ya msiba inapita kwenye grupu, na waliobaki nje huletewa na mtu aliyekumbuka, kama yupo. Zamani ungesikia msikitini au kwa balozi wa nyumba kumi. Sasa hata balozi anasubiri meseji. Kukosa maziko ya rafiki wa ujanani ni gharama kubwa kuliko usumbufu wa matangazo ya dawa za nguvu.

Kijana wako akae nawe, afanye haya mbele ya macho yako. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Faragha, aweke kwamba ni watu uliowahifadhi tu wanaoweza kukuunga kwenye magrupu, na picha yako waione hao hao. Uthibitishaji wa hatua mbili auwashe, namba ya tarakimu sita uichague wewe. Aangalie pia vifaa vilivyounganishwa. Kukiwa na kompyuta usiyoijua, aiondoe.

Ikija meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”, usimjibu, ipeleke 15040 inakopokelewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na ndugu akiomba pesa kwa maandishi, hata kama picha ni yake, mpigie umsikie sauti, umuulize kitu ambacho mnakijua nyinyi wawili. Akikasirika, akasirike. Zile tarakimu sita, mzee, usimpe mtu. Hata huyo kijana anayekusaidia, mwambie ageuke pembeni wakati unaziandika.