Mkwaruzo kwenye gari la kuazima

SWALI: Nimeazima gari la shemeji yangu, la kijivu cha metaliki. Nikirudi nyuma kuegesha, kona ya bampa ya nyuma iligusa nguzo iliyopakwa rangi nyeupe. Kuna michirizi myeupe yenye urefu wa kiganja, ndani yake doa dogo jeusi, na bampa imebonyea kidogo. Ukingo wa mlango nao umepoteza rangi, chuma kinaonekana, kama punje ya mchele. Nina siku 2 kabla ya kulirudisha. Nitengeneze kwanza ndipo nimwambie?

JIBU: Mwambie kwanza, leo hii, na umtumie picha kabla hujagusa chochote. Gari ni lake. Pengine ana fundi wake, pengine anataka kudai bima, na bima nyingi hutaka kuona gari kabla halijatengenezwa. Tena rangi ya metaliki iliyopakwa kwa haraka huonekana juani, na akiigundua mwenyewe baada ya wiki mbili, atakuuliza mambo mazito kuliko bampa. Haya yafuatayo ni kwa ajili ya baada ya yeye kukubali.

Anza kwa kuosha vizuri kwa maji na shampuu ya gari. Chembe ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa, utachora mikwaruzo mipya. Likikauka, pitisha ukucha kukatiza mstari. Ukucha ukiteleza, kilichoguswa ni klia tu, ile rangi angavu ya juu. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeshuka hadi kwenye rangi yenyewe au chini zaidi, na kusugua hakutausaidia. Kipimo kingine ni maji: mstari unaopotea ukilowa na kurudi ukikauka uko kwenye klia.

Michirizi yako myeupe kwa sehemu kubwa si rangi iliyoondoka, bali ni rangi ya nguzo iliyobaki juu ya bampa. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa spiriti ya asilimia 70, usugue taratibu kwa dakika moja. Kama rangi ya nguzo ni ya mafuta, spiriti haitaiweza. Tumia kompaundi laini (dawa ya kusugulia rangi ya gari) kiasi cha punje ya njegere, sugua kwa mkono mara 20 hivi, futa, tazama, kisha rudia ikibidi. Usitumie thina. Inaweza kula plastiki na vioo vya taa, na mahali palipowahi kupakwa rangi ya kopo huyeyusha kila kitu.

Tunasisitiza kutazama kila mara kwa sababu klia ni nyembamba mno: kwa kawaida mikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa kichwa hufikia 70 hivi. Kwenye kona na kingo huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo mkono hupenda kukandamiza. Ukiimaliza, rangi inabaki bila ulinzi na hufifia.

Kubonyea kushughulikie kabla ya kupaka rangi, maana plastiki ikirudi ghafla hupasua rangi mpya. Chemsha maji lita 2 au 3, yamwage polepole juu ya sehemu iliyobonyea, kisha sukuma kutoka nyuma ukiwa umevaa glovu nene. Ikirudi, mwagia maji baridi ili ikae. Palipojikunja kwa mstari mkali hapatanyooka kabisa. Kama kuna sensa za kuegeshea karibu, usizisukume.

Lile doa jeusi ni plastiki ya bampa. Haishiki kutu, linaweza kusubiri. Kinachotakiwa kuharakishwa ni ile punje ya mchele mlangoni, kwa kuwa chuma kilicho wazi kikipata unyevu huanza kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima.

Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti; soma palipoandikwa C/TR, namba iliyo kabla ya alama ya mkwaju (/) ndiyo ya rangi. Usinunue kwa kukisia kwamba “ni kijivu tu”.

Viringisha kipande cha msasa namba 1000 kwenye ncha ya kijiti, sugua ndani ya doa tu hadi chuma king'ae. Futa kwa spiriti. Kwa kijiti cha meno weka tone la praima, yaani rangi ya msingi, lisambae lenyewe, usubiri saa moja. Kisha rangi, tabaka 2 au 3 nyembamba, kila moja ikisubiri dakika 30, na mwisho klia. Tone moja nene hukauka juu likabaki bichi chini, halafu linakunjamana. Fanya kivulini. Usilioshe kwa saa 24, wala usipitishe polishi hapo kwa wiki moja. Doa la bampa hufuata njia hiyo hiyo, ila praima iwe ya plastiki. Bila hiyo rangi itabanduka kama ganda.

Wengine hufunika mkwaruzo kwa kiwi ya viatu au polishi yenye silikoni. Mvua moja na kiwi imeondoka, lakini silikoni inabaki: rangi ya fundi ikipulizwa juu yake hujitenga na kuacha vitobo vya duara.

SWALI: Fundi anasema kwa mkwaruzo mdogo hivi lazima apulize bampa nzima. Ananiongezea gharama?

JIBU: Hapana, kama ukucha unanasa na rangi ni ya metaliki. Chembe za metali hulala tofauti kulingana na presha na umbali wa bunduki ya rangi, kwa hiyo fundi mzuri huififisha rangi mpya taratibu ndani ya ile ya zamani, kisha hupuliza klia bampa yote. Klia ikikatishwa katikati huacha mstari ambao baadaye hubanduka. Muulize jambo moja tu: je, atavifungua vitu vilivyopachikwa kwenye bampa, au atavizungushia tepu? Akizungusha tepu, ukingo wa rangi utaanza kuinukia hapo hapo.